Sifuri Iliyotangulia: Historia ya Kusoma Anwani za Kompyuta

Anwani ya kompyuta iandikwayo 010.8.8.8 ina wasomaji wa namna mbili. Wa kwanza huiona sifuri iliyotangulia kuwa pambo lisilo na thamani. Huitupa, akabaki na 10.8.8.8, ambayo ni anwani ya ndani, ya namna ambayo ofisi yoyote duniani yaweza kuzipa kompyuta zake bila ya kumwomba mtu ruhusa. Wa pili huishika sifuri ile ile kuwa ni ishara ya hesabu ya nane nane, na katika hesabu hiyo 10 ni nane wala si kumi. Basi yeye hupata 8.8.8.8, anwani ya hadharani ya kampuni ya Google. Wasomaji hao si watu, bali ni programu, na aghalabu hukaa ndani ya kompyuta moja, mmoja akiwa bawabu na mwingine akiwa mjumbe. Bawabu na mjumbe wasiposoma namna moja, mlango uliotiwa komeo huwa wazi. Jinsi hali hiyo ilivyozuka, na kwa nini ilidumu karibu miaka 40 mbele ya macho ya wataalamu, ni habari inayostahili kuelezwa kwa taratibu, maana haikuzaliwa na uzembe wa mtu mmoja.

Mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulianza kazi mwaka 1969 ukiwa na vituo vinne: Chuo Kikuu cha California tawi la Los Angeles, taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, Santa Barbara, na Utah. Kila kituo kilijulikana kwa namba. Namba yaitosha mashine, lakini binadamu hupenda jina. Kwa hiyo kila kituo kilijitungia orodha yake ya majina ya jirani, na kompyuta moja ikaweza kuitwa hivi hapa na vile pale. Mwezi wa Septemba 1971 Peggy Karp wa shirika la MITRE alitoa hati, namba 226 katika mfululizo wa hati za mtandao zijulikanazo kwa herufi RFC, akipendekeza majina ya namna moja. Miaka miwili baadaye, Desemba 1973, L. Peter Deutsch wa maabara ya Xerox ya Palo Alto aliandika kwa uchovu kwamba ni jambo la kuchekesha kuona kila kituo kikitunza orodha yake, na orodha zenyewe zimepitwa na wakati. Ndipo katika mwaka 1974 orodha moja rasmi ilipowekwa chini ya Kituo cha Habari za Mtandao pale SRI, kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Faili ile ilikuja kujulikana kwa jina la HOSTS.TXT. Aliyetaka kuongeza kompyuta aliwapelekea habari akina Feinler. Wao wakaihakiki na kuiandika, na vituo vingine vikaja kuinakili.

Yafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu wanahistoria wengi wa mtandao hupita mahali hapa mbio wakiwahi mambo makubwa. Katika zama za HOSTS.TXT usanifishaji ulifanyika wakati wa kuandika, wala si wakati wa kusoma. Karani aliyeona jina lina alama isiyofaa alilikataa au alilirekebisha, na kile kilichoingia katika daftari kilikuwa kimekwisha kuwa sanifu. Msomaji wa daftari hakuwa na haja ya kukisia. Siku karani alipoondoka, kazi yake haikuondoka naye. Iligawanywa kwa maelfu ya programu, na kila programu ikawa karani kwa nafsi yake, yenye daftari lake la kanuni, na bila ya mkuu wa kuzipatanisha.

Kanuni za akina Feinler zimehifadhiwa katika hati namba 952 ya Oktoba 1985, aliyoiandika yeye pamoja na Ken Harrenstien na Mary Stahl. Jina lisizidi alama 24. Liwe na herufi za A hadi Z, tarakimu, kistari na nukta. Lianze na herufi. Na herufi kubwa na ndogo zihesabiwe kuwa moja. Masharti hayo yalifuata hali ya mashine. Katika miaka ile walikuwapo watu waliotumia taipu za simu kama Teletype Model 33, ambazo hazikuwa na herufi ndogo kabisa, na kutenga kubwa na ndogo kungaliwanyima watu hao majina ya wenzao. Sharti la kuanza na herufi lililegezwa Oktoba 1989 kwa hati namba 1123, kwani kulikuwa na makampuni kama 3Com ambayo majina yao huanza na tarakimu. Walakini ulegevu huo ulileta suala jipya: programu ikikutana na tarakimu mwanzoni, itajuaje kama mbele yake pana jina au namba? Hati yenyewe ilijibu kwa kutazama mwisho. Sehemu ya mwisho ya jina kamili, kama com au tz, daima ni ya herufi. Kwa hiyo jina halali haliwezi kufanana na namba nne zilizotengwa kwa nukta.

Namba hizo nne ndizo kiini cha habari yenyewe. Mwezi wa Septemba 1981 itifaki ya intaneti iliwekwa katika maandishi ambayo yalitumika miaka mingi baadaye. Anwani ilipewa biti 32, yaani namba moja isiyozidi 4,294,967,295, na kwa kuwa hakuna mtu awezaye kukumbuka namba kama hizo, ikagawanywa vipande vinne, kila kipande kati ya 0 na 255, na nukta katikati yao. Jon Postel, aliyekuwa mtunza namba wa mtandao, alichapisha mwezi huo huo hati namba 790 yenye orodha ya mitandao iliyokwisha kugawiwa namba. Kwa kupenda safu zinyooke, aliandika kila kipande kwa tarakimu tatu. Mtandao wa ARPANET, wenye namba kumi, uliandikwa 010. Hakuna msomaji wa wakati ule aliyedhani kuwa Postel amekusudia nane.

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California tawi la Berkeley kilitoa toleo la mfumo wa Unix liitwalo 4.2BSD, na ndani yake mlikuwa na kitendaji kidogo kiitwacho inet_addr. Kazi yake ilikuwa kupokea anwani iliyoandikwa na mtu na kuigeuza kuwa biti 32. Waandishi wake walifuata desturi ya lugha ya programu waliyoitumia, lugha ya C, ambamo namba ianzayo na sifuri husomwa kwa hesabu ya nane nane, na ianzayo na 0x husomwa kwa hesabu ya kumi na sita. Tena waliruhusu vipande vipungue. Anwani ya vipande viwili ilihesabiwa kuwa na namba ya mtandao mbele na namba ya kompyuta, yenye biti 24, nyuma. Ya vipande vitatu ilifaa mitandao ya daraja la kati. Ya kipande kimoja ilikuwa biti zote 32 kwa pamoja. Kwa mgawanyo wa mitandao wa wakati ule, ruhusa hiyo ilikuwa na akili. Lakini matokeo yake ni kwamba kompyuta inapojitaja yenyewe kwa anwani 127.0.0.1, yaweza pia kuandika 127.1, au 0177.0.0.1, au 0x7f.1, au 2130706433, na inet_addr hukubali zote bila ya kuuliza. (Kilikuwa na ila nyingine pia: kiliporudisha jawabu la kukataa, jawabu hilo lilikuwa sawasawa na anwani 255.255.255.255, ambayo ni anwani halali ya kuwaita wote. Kwa hiyo “hapana” na “nyote” yalikuwa neno moja.)

Hivyo ndani ya miaka miwili 010 ilikuwa kumi katika daftari la Postel na nane katika programu ya Berkeley. Na programu ndiyo iliyosafiri. Msimbo wa Berkeley ulinakiliwa na kuigwa katika mifumo mingi ya Unix, na baadaye Windows ikachukua mtindo wake. Daftari lilibaki katika makabati. Hakuna sheria iliyosema nani ana haki, kwa kuwa hati za 1981 zilieleza biti kwa ukamilifu na zikaacha maandishi ya anwani kama jambo la desturi. Hilo ndilo kosa la kweli, na ni kosa la wenye kuandika kanuni kuliko la wenye kuandika programu. Biti zilipewa sheria; maandishi, ambayo ndiyo binadamu anayoyashika, yakaachiwa mazoea.

Kulikuwa pia na fikra iliyolinda hali hiyo isiguswe. Postel mwenyewe aliandika mwaka 1980 shauri lililokuja kuitwa kwa jina lake, lililomtaka mtoaji wa ujumbe ajifunge na sheria na mpokeaji asiwe mwepesi wa kukataa. Katika mtandao mchanga, ambamo kila kituo kilikuwa na mashine ya namna yake, shauri hilo lilikuwa rehema. Bila yake mawasiliano mengi yasingalifaulu. Lakini upole wa mpokeaji una gharama. Kila mpokeaji huwa mpole kwa namna yake, na upole usiofanana huzaa lugha nyingi ndani ya lugha moja. Mwezi wa Juni 2023 Martin Thomson na David Schinazi walitoa hati namba 9413, inayopinga kwa hoja ndefu kuuchukua upole huo kama sheria ya milele. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kufika hapo.

Mfano mwingine wa lugha nyingi ulitokea Uingereza, nao wachekesha. Majina yalipozidi daftari la Menlo Park, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa majina uliogawanywa kama ukoo: kila tawi hutunza watoto wake. Katika mfumo huo jina huanza na kilicho kidogo na kuishia na kilicho kikubwa, kama bahasha ya Afrika Mashariki inavyoanza na jina la mtu, ikafuata S.L.P., mji, kisha nchi. Vyuo vikuu vya Uingereza, vilivyounganishwa na mtandao wao wa JANET mwaka 1984, vilifuata utaratibu wa kinyume: nchi mbele, mtu nyuma. Idara ya kompyuta ya University College London, ambayo kwa Mmarekani ni cs.ucl.ac.uk, kwa Mwingereza ilikuwa uk.ac.ucl.cs. Mitambo iliyopitisha barua baina ya pande mbili ililazimika kukisia ni upande upi wa jina ulio kichwa. Ukisiaji ulifaa mpaka Chekoslovakia ilipoingia mtandaoni na alama yake ya nchi ya cs. Hapo jina lililoishia na herufi hizo likaweza kuwa la idara ya kompyuta ya chuo cha Uingereza, au la nchi nzima ya Ulaya ya kati. Chekoslovakia iligawanyika tarehe 1 Januari 1993, na JANET ilipohamia itifaki za intaneti katika miaka hiyo iliacha utaratibu wake. Mabaki ya desturi ya Waingereza yangali yaonekana Afrika Mashariki: ile ac iliyo katikati ya udsm.ac.tz, anwani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika anwani za vyuo vya Kenya ziishiazo ac.ke, ni mgawanyo uliotoka kwao, ingawa mpangilio ni ule wa Mockapetris.

Katika mfumo wa Mockapetris jina hilo la Dar es Salaam laweza kuandikwa UDSM.AC.TZ, au hata na nukta mwishoni, nukta ambayo maana yake ni kwamba jina limekamilika na lisiongezewe kitu. Zote ni jina moja. Programu inayolinganisha majina bila ya kuyageuza kwanza kuwa sura moja itadhani ni matatu. Hata kazi nyepesi ya kupunguza herufi kubwa ina mtego wake: programu ikifanya kazi kwa kanuni za lugha ya Kituruki, herufi kubwa I hushuka ikawa ı isiyo na nukta, na jina lililokuwa halali huwa jina lisilokuwapo.

Sasa turudi kwa bawabu na mjumbe. Katika mwongo wa 2010 seva nyingi zilipewa kazi ya kwenda kuchukua vitu kwa niaba ya wageni: mgeni hutoa anwani ya picha, seva huifuata. Seva hiyo hukaa ndani ya ua wa kampuni, na yaweza kufikia vyumba ambavyo mgeni hawezi. Basi huwekwa bawabu wa kuchunguza anwani kabla mjumbe hajatumwa, akatae yoyote ya ndani. Mgeni mwovu huandika 0177.0.0.1. Bawabu asomaye kwa kumi kumi huona 177.0.0.1, anwani ya mbali isiyo na madhara, akaruhusu. Mjumbe asomaye kwa desturi ya Berkeley huona 127.0.0.1, akageuka na kubisha mlango wa seva yenyewe. Mwaka 2017 mtafiti wa Taiwan ajulikanaye kwa jina la Orange Tsai alionyesha katika mkutano wa Black Hat huko Las Vegas jinsi visomaji vya anwani katika lugha mbalimbali za programu vilivyopingana, na jinsi upinzani huo ulivyogeuzwa kuwa njia ya kuingilia. Machi 2021 ikatangazwa kwamba maktaba iitwayo netmask, iliyotumiwa na programu nyingi za JavaScript, ilisoma sifuri iliyotangulia kinyume cha wenzake. Uchunguzi ukaenea, na katika mwaka huo huo ila ya ukoo huo ikaonekana katika maktaba za msingi za Python, Go na Rust.

Habari ya Python yafaa kukumbukwa na kila aandikaye kanuni. Moduli yake ya anwani ilikuwa hapo kwanza ikikataa vipande vyenye sifuri mbele vilivyoweza kusomwa kwa namna mbili. Toleo la 3.8, lililotoka mwaka 2019, liliondoa katazo hilo, na sifuri zikawa zinatupwa kimya kimya. Mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa kwa nia njema ya kuwarahisishia watumiaji. Ukafungwa tena mwaka 2021. Go nayo, katika toleo la 1.17 la Agosti 2021, ilianza kuzikataa anwani hizo kabisa. Wote hawa hawakuchagua kati ya Postel na Berkeley. Walichagua kutosoma, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wowote uliotangulia. Vivinjari, kwa upande wao, havikuweza kufuata njia hiyo. Kanuni ya anwani za wavuti ya Januari 2005, hati namba 3986, hairuhusu sifuri ya mbele wala vipande pungufu. Lakini kanuni ya kundi la WHATWG, ambalo vivinjari hulifuata, huzipokea sura zote za Berkeley na kuzisanifisha. Mtu akiandika 127.1 katika kivinjari, hupelekwa 127.0.0.1. Kwa hiyo sheria ziko mbili, na programu ya bawabu yaweza kuandikwa kwa moja na mjumbe akafuata ya pili.

Anwani mpya za biti 128, zilizotolewa kwanza Desemba 1995, zilirudia kosa lile lile kwa kiwango kikubwa zaidi: mfuatano wa sifuri waweza kufupishwa kwa nukta mbili maradufu mahali popote mwandishi apendapo, na herufi za hesabu ya kumi na sita zaweza kuwa kubwa au ndogo. 2001:DB8:0:0:0:0:0:1 na 2001:db8::1 ni kitu kimoja, na aitafutaye ya kwanza katika daftari la matukio haoni ya pili. Miaka 15 ilipita kabla ya Kawamura na Kawashima, wahandisi wa Japani, kuandika hati namba 5952 ya Agosti 2010, inayotaja sura moja tu ya kuandika: herufi ndogo, sifuri za mbele zitupwe, ufupisho uwe mahali penye sifuri nyingi zaidi. Hati hiyo humtaka msomaji aendelee kuzipokea sura nyingine zote; ni mwandishi pekee anayefungwa.

Lililobaki ni suala la herufi za mataifa. Kanuni ya akina Feinler ilitosha kwa Kiingereza na haikutosha kwa Kiarabu, Kigiriki wala Kichina. Mwaka 2003 ilikubaliwa kwamba majina ya maandishi mengine yageuzwe kuwa herufi za A hadi Z kwa mbinu ya Adam Costello iitwayo Punycode, yakianzia na alama xn--, na Mei 2010 Misri, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zikawa za kwanza kupata alama za nchi kwa maandishi ya Kiarabu. Usanifishaji hapo ukawa jambo la lugha, wala si la tarakimu tena. Kanuni ya 2003 iliigeuza ß ya Kijerumani kuwa ss. Kanuni ya 2010 iliirudishia uhai wake, na jina moja likaweza kuelekea mahali pawili kwa kutegemea umri wa programu. Herufi a ya Kirusi, isiyotofautika kwa jicho na a ya Kilatini, iliwapa walaghai nafasi ya kujenga nyumba iliyofanana na ya mwenzao.

Kiswahili kilionekana kuwa salama. Tahajia iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930 haina herufi zenye alama juu wala chini, na maneno yake karibu yote huingia katika kanuni ya Menlo Park bila ya kuguswa. Isipokuwa ritifaa. Alama hiyo, itenganishayo ng' na ng, si herufi, si tarakimu, wala si kistari. Haikuruhusiwa katika hati 952, na kanuni za 2003 na 2010 hazikuifungulia. Ng'oa, yaani kuondoa kitu pamoja na mizizi yake, huandikwa mtandaoni sawasawa na ngoa, ambayo ni wivu. Chang'ombe ya Dar es Salaam haina njia ya kujiandika kama isomwavyo, na serikali ya Kaunti ya Murang'a nchini Kenya hupatikana katika anwani ya muranga.go.ke.